Peku, Buti au Chuma? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kwato za Farasi wa Masafa Marefu

Kwa nini suala la kwato linapewa uzito mkubwa kiasi hiki katika mbio za masafa marefu?

Mbio za ngazi ya juu hufikia kilomita 160 kwa siku moja. Hatua moja kamili ya mchakamchako huwa na urefu wa mita 2.5 hadi 3, kwa hiyo kila ukwato hugonga ardhi zaidi ya mara 50,000 kabla farasi hajaona mstari wa mwisho. Kasoro ambayo haionekani kabisa katika matembezi ya jioni hupata nafasi elfu hamsini za kujitokeza.

Njiani kuna vituo vya ukaguzi. Daktari wa wanyama hupima moyo, ambao kwa kawaida hutakiwa kushuka hadi mapigo 64 kwa dakika au chini yake, halafu farasi hukimbizwa akiwa ameshikwa kamba, mbele na kurudi, daktari akimtazama anavyokanyaga. Hapo ndipo wengi huishia, kwa sababu kuchechemea ndiko kunakoongoza kwa kuwaondoa farasi mashindanoni. Si kila kuchechemea huanzia kwenye ukwato, lakini ukwato ndio wa kwanza kukaguliwa, na ndio sehemu ambayo mwenye farasi angeweza kuishughulikia wiki nyingi kabla ya siku hiyo.

Basi, kati ya njia hizi tatu, yaani kwenda peku (bila kiatu), kuvaa buti (kiatu cha kuvalishwa na kuvuliwa) au kupigwa kiatu cha chuma kwa misumari, ipi ni bora?

Swali hili huulizwa kuliko mengine yote, na anayelijibu kwa neno moja bila kumwona farasi asisikilizwe. Jibu hutegemea ubora wa ukwato wenyewe, aina ya ardhi, umbali, na mtu atakayezihudumia kwato hizo kila baada ya wiki chache. Maoni yangu, baada ya kujaribu njia zote tatu, ni kwamba farasi anayefanya mazoezi peku kwa sehemu kubwa ya mwaka, kisha akavalishwa kinga siku ya safari ngumu, hupata ukwato imara kuliko anayevaa chuma miezi 12 mfululizo. Hata hivyo, chuma kilichopigwa na fundi hodari ni bora mara kumi kuliko buti zisizomkaa au peku ya kulazimisha.

Ni mambo gani ya msingi kuhusu ukwato ninayopaswa kuyajua kabla ya kuchagua?

Ukuta wa ukwato, yaani lile gamba gumu tunaloliona kwa nje, huota kutoka juu kwenye mpaka wa nywele kwenda chini, kwa kasi ya milimita 6 hadi 10 kwa mwezi. Kwa sababu hiyo, ukwato mpya kamili hupatikana baada ya miezi 9 hadi 12. Chini yake kuna wayo, na katikati ya wayo, kuelekea nyuma, kuna sehemu yenye umbo la pembetatu inayobonyea kidogo kama mpira mgumu. Hapa tutaiita ulimi wa ukwato. Pale ukuta unapokutana na wayo kuna ufito mwembamba wa rangi ya maziwa, ambao mafundi huuita mstari mweupe.

Farasi anapoweka uzito mguuni, sehemu ya nyuma ya ukwato hutanuka kidogo, na anapoinua mguu hurudi. Mtanuko huo hupunguza kishindo na husaidia damu kuzunguka. Ndiyo maana fundi anayejua kazi yake hapigi msumari nyuma ya sehemu pana kabisa ya ukwato: akifanya hivyo huwa ameifunga bawaba ambayo maumbile yameiacha wazi.

Sehemu ya nyuma ya ukwato hukomaa kwa kutumika. Mwanafarasi aliyekulia kwenye zizi dogo lenye majani makavu laini, akapigwa viatu kabla hajatembea vya kutosha, mara nyingi huwa na ulimi mwembamba na visigino vilivyobanana. Huyo hawezi kugeuzwa kuwa mkimbiaji wa peku kwa kung'olewa misumari tu.

Je, farasi anaweza kweli kukimbia masafa marefu akiwa peku?

Anaweza, na wapo wanaofanya hivyo vizuri, hasa kwenye mchanga, udongo mgumu na njia za msituni. Kikwazo kikubwa ni hesabu ya kuota na kulika. Ukwato unaoota milimita 8 kwa mwezi hupata takriban robo ya milimita kwa siku. Kokoto kali na njia ya changarawe iliyoshindiliwa zinaweza kula zaidi ya hapo kwa alasiri moja. Farasi akipumzika wiki moja hesabu hurudi sawa, lakini mwenye kufanya mazoezi makali siku nne kwa wiki kwenye changarawe atafika mahali ambapo ukuta umelika hadi usawa wa wayo, na farasi anatembea juu ya wayo mtupu.

Jambo jingine ni unene wa wayo. Farasi mwenye wayo mwembamba huhisi kila jiwe, na wayo hauonekani unene wake kwa nje. Kama una shaka, picha ya eksirei iliyopigwa kutoka ubavuni itamaliza ubishi.

Nitajuaje kwamba farasi wangu yuko tayari kwenda peku?

Usiulize kwenye nyasi. Mwongoze kwa kamba, bila mpandaji, kutoka kwenye njia laini hadi kwenye changarawe, wewe ukiwa pembeni yake na si mbele. Farasi aliye tayari hubadilika kidogo sana: masikio yanabaki yalipo, kichwa kinaendelea kutikisika kwa mdundo uleule, na urefu wa hatua haupungui. Asiye tayari hufupisha hatua, hukaza mgongo, na bila kuambiwa huanza kukuvutia pembeni, kwenye ukingo wenye majani. Ukiona anautafuta ukingo, amekwisha kukujibu.

Kisha piga video ya mwendo wa taratibu ukiwa umechuchumaa ubavuni kwake. Angalia ni sehemu gani ya ukwato inayotangulia kugusa ardhi. Ukwato wenye afya hutua kwa kisigino kwanza au bapa. Unaotua kwa ncha kwanza, tena na tena, kwa kawaida unakwepa maumivu ya nyuma, na hauna biashara ya kwenda kilomita 80, uwe na kiatu au usiwe nacho.

Nikimvua viatu vya chuma, itachukua muda gani kabla ya kurudi mashindanoni?

Baadhi huonekana salama baada ya wiki chache. Kwa wengi ni busara kuhesabu miezi, na kwa wale waliokuwa na kwato dhaifu tangu awali ni mwaka mzima, yaani muda wa kuota ukwato mpya kutoka juu hadi chini. Katika kipindi hicho buti ndizo rafiki mkubwa: anatembea peku pale asipoumia, na kuvalishwa pale anapoumia. Kumlazimisha farasi atembee kwa maumivu ili “azoee” ni kosa. Ukwato hukomaa kwa mwendo usiouma. Unaouma humfundisha kukanyaga vibaya.

Chagua mwisho wa msimu kuanza jambo hili. Wapo wanaoanza wiki sita kabla ya mbio waliyokwisha kulipia, na kila mwaka huuliza kwa nini imeshindikana.

Je, viatu vya chuma vinadhuru?

Chuma hakileti madhara kwa kuwa chuma tu. Hulinda ukuta usilike, huruhusu fundi kurekebisha jinsi mguu unavyoegemea, hakipindukii, na hakina mikanda ya kukatika usiku. Kwenye milima yenye mawe makubwa bado kuna wapandaji wenye uzoefu wa miaka mingi wasiotaka kusikia kitu kingine.

Gharama yake kwa mwili wa farasi ni hii. Chuma hupitisha mtetemo mwingi kuelekea mguuni kuliko plastiki au ukwato wenyewe, hasa kwenye lami na mwamba. Hupunguza mtanuko wa nyuma. Huongeza uzito mwishoni mwa mguu, mahali ambapo kila gramu huhisiwa zaidi kwa sababu huzungushwa kwa kila hatua. Kiatu cha kawaida cha farasi wa kupandwa kina gramu 300 hadi 450. Pia huteleza kwenye lami. Tatizo kubwa kuliko yote, hata hivyo, si la chuma bali la kalenda. Ukwato huendelea kuota huku kiatu kikiwa palepale, ncha inarefuka, visigino vinasogea mbele, na kano za nyuma ya mguu zinavutwa kupita kiasi. Kiatu kizuri cha wiki ya 5 huwa kiatu kibaya cha wiki ya 9.

Vipi kuhusu viatu vya aluminiamu na vya plastiki?

Aluminiamu ina uzito wa takriban theluthi moja ya chuma kwa ujazo uleule, na faida hiyo huonekana kilomita za mwisho. Hulika haraka zaidi. Viatu vya plastiki vyenye kiini cha chuma ndani yake hupigwa misumari kama kawaida au kubandikwa kwa gundi, na hupunguza mtetemo. Vinafaa kwa mtu ambaye hataki kuvalisha na kuvua buti kila siku lakini pia hataki chuma kitupu.

Nipige viatu vipya siku ngapi kabla ya mbio?

Takriban siku 7 hadi 10. Msumari uliopita karibu mno na nyama laini hauonyeshi maumivu saa ileile kila mara. Wakati mwingine hungoja siku mbili au tatu, na ukiingiza uchafu hutunga jipu. Ukiwa na wiki moja mkononi, fundi anaweza kuung'oa na farasi akapona. Kumpigia viatu siku ya Alhamisi kwa ajili ya mbio za Jumamosi ni kucheza bahati nasibu.

Nitapimaje ukubwa wa buti?

Pima mara tu baada ya kwato kupunguzwa, si kabla. Unahitaji vipimo viwili kwa milimita: upana wa sehemu pana kabisa ya wayo, na urefu kutoka ncha hadi pale kisigino kinapogusa ardhi, bila kuhesabu minofu laini ya nyuma. Pima kwato zote nne. Za mbele kwa kawaida ni pana na za duara zaidi, za nyuma ni nyembamba na zimechongoka kidogo, na farasi wengi wana tofauti hata kati ya kulia na kushoto.

Tofauti ya milimita 3 inaweza kuamua kama buti itakaa au itaachwa mtoni. Kosa la kawaida ni kununua kubwa “ili iingie kwa urahisi”. Buti nzuri huingia kwa shida kidogo; ile ya kuvuta juu ya ukwato bila vifungo vingi wakati mwingine huhitaji kugongwa kwa nyundo ya mpira ili ikae. Ukiweza kuishika kwa mkono mmoja na kuizungusha, ni kubwa.

Kumbuka pia kwamba buti inayokaa sawasawa leo haitakaa hivyo baada ya wiki tano. Watumiaji wazoefu hupitisha tupa kwenye kingo za kwato kila baada ya wiki mbili au tatu, kidogo kidogo, badala ya kungoja zirefuke.

Buti zinazunguka, zinachomoka au zinamchubua. Nifanye nini?

Ikiwa inazunguka, karibu kila mara ni kubwa, au visigino vimerefuka vikaiinua kwa nyuma. Wengi huzungushia ukuta wa ukwato plasta ya kitambaa, ile wanayotumia wanamichezo kufungia vifundo, ili buti ipate kushika. Plasta hiyo hukazwa kwenye gamba gumu pekee; ikipanda juu ya mpaka wa nywele itakata ngozi.

Ikiwa inachomoka kwenye tope, tatizo ni mfyonzo. Tope zito huikamata buti kwa chini wakati farasi anainua mguu, na mikanda haiwezi kushindana na uzito wa kilo 400 unaokwenda mbele. Mimi nilipoteza ya mbele kulia wakati wa kuvuka kijito, gizani, katika kilomita ya sabini na kitu. Nilishuka nikaipapasa majini kwa dakika kumi nisiipate, na niliyokuwa nayo ya akiba ilikuwa ya nyuma. Tangu siku hiyo akiba yangu ni ya mguu wa mbele, imefungwa kwenye tandiko na si kuachwa kituoni, na nimekwisha jizoeza kuivalisha nikiwa nimefumba macho.

Ikiwa inachubua, angalia minofu ya nyuma ya kisigino na sehemu nyembamba juu ya ukwato. Mchanga ndio adui: huingia juu, huchanganyika na jasho, na kufanya kazi ya msasa. Kwenye safari ndefu ya mchanga fungua buti kila kituo, osha, kagua kwa vidole na si kwa macho tu, kisha rudishia. Usianze kamwe na buti mpya siku ya mbio.

Buti za kubandikwa kwa gundi ni nini, na zinaaminika?

Ni ganda la plastiki laini lisilo na mikanda wala vifungo, linalobandikwa kwenye ukuta wa ukwato kwa ajili ya safari moja au mbili. Zilithibitisha uwezo wake hadharani katika mbio za Tevis Cup huko California, Marekani, ambazo zimekuwa zikifanyika tangu mwaka 1955 na hupita kilomita 160 za milima na makorongo kwa muda usiozidi saa 24. Mwaka 2012 Garrett Ford alishinda mbio hizo akiwa na farasi The Fury aliyevaa ganda za namna hiyo. Ni haki kuongeza kwamba Ford wakati huo alikuwa mkuu wa EasyCare, kampuni iliyoziunda, kwa hiyo alikuwa na ujuzi wa kuzibandika ambao wengi wetu hatuna.

Ujuzi huo ndio kiini cha jambo lenyewe. Gundi haishiki unyevu, vumbi wala mafuta ya vidole. Ukuta husuguliwa kwa tupa au msasa hadi uwe na mikwaruzo, hukaushwa kwa hewa ya moto, na baada ya hapo hakuna anayeugusa kwa mkono mtupu. Farasi husimama kwenye sehemu safi. Akikanyaga majani yenye umande katikati ya kazi, unaanza upya. Hali ya hewa nayo hubadilisha kasi ya gundi kuganda, na siku ya joto kali unaweza kuwa na sekunde chache tu.

Zibandike siku moja au mbili kabla ya mbio na usiziache zaidi ya siku 10 hivi. Ukwato uliofungwa bila hewa hulainika, na ulimi wake huanza kuoza na kutoa harufu ambayo hutaisahau.

Ninaweza kulinda miguu ya mbele tu?

Ndiyo, na ni mpangilio mzuri kwa farasi wengi. Takriban asilimia 60 ya uzito wa farasi aliyesimama huwa mbele, na uzito wa mpandaji huongeza mzigo huohuo. Kwato za nyuma pia hubaki na uwezo wa kushika ardhi kwenye mteremko wa nyasi zilizolowa, mahali ambapo buti huteleza.

Sheria za mashindano zinaruhusu nini?

Hutofautiana kati ya chama na chama na hubadilika. Soma kanuni za mwaka husika, kisha muulize daktari mkuu wa mashindano kwa maandishi kama aina ya buti uliyo nayo inakubalika, hasa ikiwa ina kitambaa kinachofunika sehemu iliyo juu ya ukwato. Kubishana naye saa kumi na moja alfajiri hakujawahi kumsaidia mtu.

Farasi akipoteza kiatu cha chuma njiani nifanye nini?

Shuka. Angalia kama kuna msumari au kipande kilichobaki ndani, na kama kiatu kimeng'oka na sehemu ya ukuta. Mvalishe buti ya akiba inayotosha ukwato usio na kiatu, kisha uendelee polepole hadi kituoni. Kwa hiyo hata wewe wa chuma unahitaji buti moja.

Je, lishe ina nafasi?

Ina nafasi kubwa kuliko kiatu. Sukari na wanga mwingi hudhoofisha viunganishi kati ya ukuta na mfupa wa ndani, na dalili ya kwanza huwa ni mstari mweupe uliotanuka pamoja na farasi anayesita kwenye mawe aliyokuwa akiyapita bila shida. Upungufu wa shaba na zinki huzaa gamba linalomeguka. Biotini, aina ya vitamini, kwa kiwango kinachotajwa mara nyingi cha miligramu 20 kwa siku, huwasaidia baadhi ya farasi, lakini usitegemee kuona tofauti kabla ya miezi sita, kwa kuwa gamba zuri lazima kwanza literemke kutoka juu.

Je, buti ni uzushi wa siku hizi?

Warumi walikuwa na viatu vya chuma vya kufunga kwa mikanda, vilivyovalishwa na kuvuliwa, karne nyingi kabla ya viatu vya misumari kuenea Ulaya. Na hata kabla yao, karne ya 4 kabla ya Kristo, Wagiriki walikuwa wakishauriana kuwasimamisha farasi juu ya mawe ya mviringo ili kwato ziwe ngumu. Mjadala huu ni mkongwe kuliko msumari.

Baada ya mbio nikague nini?

Saa mbili baada ya kumaliza, shika kila ukwato kwa kiganja na ulinganishe joto la zote nne. Kisha weka vidole viwili nyuma ya kifundo, juu ya kisigino, utafute mshipa wa damu. Kwa kawaida mapigo yake ni hafifu hata ni kazi kuyapata. Yakigonga vidole kwa nguvu, hasa kwenye miguu yote miwili ya mbele, mwite daktari usiku huohuo. Rudia asubuhi kabla hajatoka bandani. Halafu mtoe, mgeuze kwa duara dogo kushoto na kulia kwenye ardhi ngumu, na umtazame anavyokanyaga kwa hatua tano za kwanza, kabla misuli haijapata joto.